Siku Moja ya Upepo, Miaka Mingi ya Kungoja

Masika yanapoanza, sisi mabwana shamba na mabibi shamba huzungumza nanyi juu ya palizi, mbolea na wadudu. Leo naomba tuweke jembe pembeni kidogo, tuzungumze juu ya upepo.

Chuoni kwetu huwa nawauliza wanafunzi: je, kimbunga kinaweza kupiga pwani yetu? Wengi hujibu hapana, hayo ni mambo ya Msumbiji na Madagaska. Jibu hilo lina sababu yake, wala si la kijinga. Lakini lina hatari ndani yake. Basi tuiulize historia.

Turudi nyuma mpaka Aprili 1872, kisiwani Unguja. Wakati huo Sultani alikuwa Seyyid Barghash, aliyeshika utawala mwaka 1870. Utajiri wa Unguja ulikuwa karafuu. Mikarafuu ililetwa kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said, baba yake Barghash, aliwahimiza wenye mashamba waipande kwa wingi. Walipanda kweli kweli. Miti mingine ikakatwa ili mikarafuu ipate nafasi. Na tusifiche jambo hili: waliopanda, waliopalilia na waliochuma hawakuwa wenye mashamba. Walikuwa watumwa waliotolewa bara, wengi wao kutoka sehemu za Ziwa Nyasa.

Bei ilipokuwa nzuri, kila mtu aliona mambo yamenyooka. Fedha zilitoka karafuu, chakula kingi kikanunuliwa kutoka nje. Nani angehangaika na muhogo?

Ikafika Aprili 15, 1872. Ardhi ilikuwa imekwisha kulowa kwa masika. Kimbunga kikaingia Unguja na kuipiga sawasawa. Majahazi na merikebu bandarini, zikiwemo za Sultani mwenyewe, zilivunjika au zilitupwa ufukweni. Nyumba ziliezuliwa. Huko mashambani ndiko hasara ilikokuwa kubwa kupita kiasi: sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'oka au ilivunjika. Mizizi mingi ya mkarafuu haiendi chini sana, na udongo ukiwa tope mti haupati pa kushika. Shamba lililotunzwa kwa miaka 30 lililala chini kwa siku moja.

Sasa, ndugu mkulima, fanya hesabu pamoja nami. Mkarafuu ukipandwa leo huanza kuzaa baada ya miaka kama sita hadi minane. Mnazi wa kienyeji nao huchukua kama muda huo huo. Kwa hiyo aliyekuwa na karafuu na nazi tu, alingoja miaka hiyo yote kabla ya kuvuna tena. Upepo ulikuwa wa siku moja, kungoja kulikuwa kwa miaka. Na waliobeba mzigo wa kusafisha mashamba na kupanda upya walikuwa watumwa wale wale. Mwaka 1873, Waingereza walipomtaka Seyyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, moja ya hoja zake za kukataa ilikuwa hasara hiyo ya kimbunga. Mwishowe alitia sahihi mkataba mwezi wa Juni, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Kisiwa cha Pemba, kilicho kaskazini ya Unguja, kiliponea pembeni. Mikarafuu yake mingi ilisimama. Karafuu za Unguja zilipoadimika bei ilipanda, na Pemba ikapanda mikarafuu zaidi. Toka hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu, na mpaka leo karafuu nyingi za nchi yetu hutoka huko. Mnaona mambo hayo? Upepo wa siku moja ulihamisha zao kutoka kisiwa kimoja hadi kingine.

Haya, kwa nini basi tunasema vimbunga si vya kwetu? Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto, na kuzunguka kwake hutokana na mzunguko wa dunia. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha ni ndogo mno, kwa hiyo vimbunga vingi hukaa mbali kusini. Tena Madagaska, kisiwa kikubwa, hupokea vingi kabla havijatufikia. Ndiyo maana kwetu huja mara chache. Mara chache, lakini huja. Mtu aliyekiona akiwa mtoto huweza kuzeeka asikione kingine, na wajukuu hudhani babu anatia chumvi.

Tazama: mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi na kuuharibu vibaya mji huo. Aprili 2019 watu wa Mtwara walipewa tahadhari ya kimbunga Kenneth. Kikaenda kupiga Cabo Delgado, Msumbiji, jirani kabisa na mpaka wetu. Aprili 2021 tuliambiwa juu ya kimbunga Jobo, nacho kikafifia kabla ya kutufikia. Baada ya mara hizo mbili ni rahisi mtu kusema, "Aa, hawa wa hali ya hewa wanatutisha bure." Kumbe Mei 2024 kikaja Hidaya, kikafika Mafia na pwani ya kusini. Vyombo vya baharini kati ya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa, na mvua ikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, Kilwa. Rufiji ilikuwa imekwisha kupata mafuriko mwezi uliotangulia.

Tahadhari ikipita bila kimbunga, usiseme umedanganywa. Sema umeponea. Watu wa Unguja mwaka 1872 hawakuwa na redio wala wa kuwatangazia. Sisi tunaye, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tofauti yetu na wao ni zile siku mbili tatu za kujiandaa. Tukizitupa, tumerudi 1872 kwa miguu yetu wenyewe.

Basi siku hizo tuzitumieje? Mimi huzigawa katika mafungu matatu: watu, chakula na mbegu.

Kwanza watu. Kagua nyumba. Funga paa kwa kamba au waya imara kwenye nguzo, siyo kwenye fito tu. Kama nyumba ni dhaifu au iko bondeni au karibu na ufuko, kubalianeni mapema mtakwenda wapi: kwa ndugu mwenye nyumba imara, shuleni, au penye mwinuko. Wazee, wagonjwa, wajawazito na watoto wapelekwe kwanza, mchana, kabla mvua haijazidi. Kata matawi makavu yaliyo juu ya nyumba, na angua nazi, kwani nazi ikirushwa na upepo ni kama jiwe. Wavuvi, vuteni ngalawa na mitumbwi juu kabisa, mfunge. Jaza maji safi katika madumu, maana kisima kikifunikwa na mafuriko maji yake hayanyweki bila kuchemshwa. Weka betri mpya katika redio.

Na jambo moja ambalo limewaponza watu wengi duniani: katikati ya kimbunga upepo huweza kutulia ghafla, hata mawingu yakafunguka. Usitoke! Hicho ni kitovu chake kinapita. Baada ya muda upepo hurudi kutoka upande mwingine, tena kwa nguvu. Subiri mpaka utangaziwe kuwa kimepita.

Pili chakula. Mahindi, mtama au kunde zilizokomaa, vuna hata kama ulipanga kungoja wiki moja. Viazi vitamu viacheni ardhini ikiwa shamba halisimamishi maji. Muhogo una siri yake. Mti wake mrefu hutikiswa na upepo, shina likalegea, maji yakaingia na mizizi ikaoza. Kata miti ibaki mifupi, kama urefu wa goti, upepo ukose pa kuukamata. Muhogo uliopo bondeni ng'oa, umenye na uukaushe jua lingalipo. Migomba yenye mikungu mikubwa punguza majani. Mbuzi na ng'ombe wapeleke penye mwinuko, wala usiwafunge kamba, maji yakija waweze kujiokoa.

Tatu mbegu, na hapa ndipo wengi tunapojisahau. Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, lakini mbegu iliyolowa huoza. Chukua mbegu zako za mahindi, kunde na mboga zilizokauka vizuri, zitie katika dumu au debe lenye kifuniko cha kubana, uliweke juu, mahali pasipofikiwa na maji. Na ile miti ya muhogo uliyoikata usiitupe. Chagua iliyokomaa na isiyo na ugonjwa, funga mafungu, isimamishe kivulini nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo mbegu yako ya baada ya kimbunga. Jirani aliyepoteza kila kitu atakuja kukuomba, nawe mpe.

Baada ya kimbunga, fanyeni kazi kwa ujima. Miti michanga iliyoinama inyanyueni na kuiegemeza mapema, mizizi ingali hai. Minazi iliyoanguka msiiache ioze shambani. Ndani ya magogo yanayooza huzaliana yule mbawakawa mwenye pembe, chonga, ambaye baadaye hushambulia minazi iliyobaki. Pasueni magogo, tumieni mbao na kuni, yaliyobaki mchome. Kisha pandeni vitu vya haraka: mchicha, kunde, viazi vitamu. Mchicha huliwa baada ya wiki chache tu, nao hautungojeshi miaka minane.

Ndugu mkulima, simwambii mtu ang'oe mikarafuu, mikorosho wala minazi yake. Mazao hayo ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Ninachosema ni kwamba kando ya zao la fedha pawe na kipande cha muhogo, viazi na kunde, siku zote, hata mwaka ambao bei ni nzuri. Hasa mwaka ambao bei ni nzuri! Unguja ya 1872 ilikuwa tajiri asubuhi ile kabla ya upepo.

Leo jioni, zungukeni nyumba pamoja na watoto. Waulizeni: upepo ukija, tutakwenda wapi, na mbegu zetu ziko wapi? Kama hakuna anayejua jibu, kazi ya kesho mmekwisha kuipata.

Nawatakieni kazi njema na masika yenye heri. Tukutane tena katika mazungumzo yajayo.