Waliogelea Bila Bendera
Hebu tukumbushane, watu wangu. Beijing 2008, Jason Dunford aliogelea mita 100 kwa mtindo wa kipepeo kwa sekunde 51.14. Rekodi ya Olimpiki! Ilidumu dakika chache tu, lakini ilikuwa ya Mkenya. Delhi 2010 akatuletea dhahabu ya Jumuiya ya Madola, mita 50.

Sasa ruka hadi Fukuoka, 2023, mashindano ya dunia. Waogeleaji wetu wako majini, lakini kwa ubao hakuna KEN. Kuna SMF, yaani shirikisho lililosimamishwa. Wakubwa walizozania uongozi na uchaguzi miaka na miaka, World Aquatics ikachoka. Waliopokonywa bendera? Waogeleaji, ambao hata hawakuwa kwa huo ugomvi. Na si eti walishindwa kuogelea.