Kinubi cha Kibera na Tarakilishi
Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani walioitumikia King's African Rifles, walikaa Kibera tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kibra, kwa lugha yao, ni msitu. Mwaka 1982 Bernd Heine alitoa kitabu kuhusu Kinubi hicho, krioli ya Kiarabu. Miaka 3 baadaye Arvi Hurskainen, huko Helsinki, alianza kuifundisha tarakilishi mofolojia ya Kiswahili. Hapo ndipo njia zilipoachana. Mradi wa Kencorpus, mwaka 2022, ulikusanya maneno milioni 5.6 na saa 177 za sauti, za Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya. Mluhya wa Kawangware yumo, mradi lahaja yake iwe Kilogooli, Kibukusu au Kimarachi. Kinubi hakimo, ingawa sarufi yake imekwisha kuandikwa. Kilichosalia ni kuwanasa wazee sauti kabla ya wajukuu kuhamia Kiswahili.