Uhamiaji Kitengela
Kitengela ni mji wa Kaunti ya Kajiado, kusini mwa Nairobi, uliokuzwa hasa na wahamiaji. Ranchi ya pamoja ya Wamaasai iligawanywa kwa watu binafsi mwaka 1988; ploti zikauzwa, na viwanda vya mji jirani wa Athi River vikavuta wafanyakazi. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 154,436. Wapo Wamaasai wanaohofia kura za wageni kuwanyima uongozi. Wageni hujibu kwamba wana hatimiliki na wanalipa kodi. Hoja nzito zaidi ni ya malisho: nyua zimeziba njia za mifugo, na za nyumbu watokao Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Kuanzia 2000, baadhi ya wenye ardhi walilipwa kwa ekari ili wasizungushe ua.