Nani Hulipa Pancha?

Ukisoma karatasi za bima ya gari hadi mwisho, kitu ambacho karibu hakuna mtu hufanya, utakuta kifungu kifupi kuhusu tairi. Kwa kawaida kinasema hivi: tairi ikipata pancha, ikikatika au ikipasuka barabarani, kampuni hailipi, isipokuwa kama gari lenyewe limeumia kwa wakati huo huo. Hata kama umelipia ile bima kubwa.

Kwa dereva wa Probox anayetoka Loitokitok kwenda Kimana, kisha anaiacha lami na kuingia kwenye mawe ya volkano na miiba ya migunga, hicho ndicho kifungu kinachomgusa zaidi. Tairi ikienda, kazi ya siku imeenda. Kwa hivyo akisikia kuna bima ya tairi na rimu, kama ile wauzaji wa magari huko Marekani humuuzia mteja pamoja na gari, lazima ajiulize kama inafaa. Historia ina jibu, lakini inaanzia mbali kidogo.

John Boyd Dunlop alitengeneza tairi yake ya upepo mjini Belfast mwaka wa 1887. Safari ikawa laini, na pancha ikazaliwa. Dawa ya kwanza haikuwa bima. Mwaka wa 1904, katika mji wa Llanelli huko Wales, Thomas Morris Davies alibuni gurudumu la akiba, kwa sababu magari ya wakati huo hayakuwa yanabeba spea. Yaani tangu mwanzo dereva aliambiwa: shida ni yako, ibebe kwenye buti.

Uingereza ilipoifanya bima ya gari kuwa lazima, mwaka wa 1930, haikuwa inamfikiria mwenye gari. Ilimfikiria anayegongwa. Kenya, ikiwa koloni, ikaiga miaka ya 1940 kwa sheria tunayoijua leo kama Sura ya 405. Hiyo ndiyo mama wa thadi pati. Wakati huo watu wengi wa Kajiado walikuwa wanatembea kwa miguu nyuma ya ng'ombe wao. Sheria ililazimisha bima ya kifo na majeraha ya mwili. Ng'ombe, ambaye ni mali, hakuwekwa. Tairi pia hapana.

Tairi iliachwa hata kwenye bima kubwa kwa sababu rahisi. Bima ni biashara ya jambo ambalo huenda lisitokee, na tairi lazima iishe. Ikipasuka, ni vigumu kujua kama ni shimo, uzee au upepo mdogo. Basi mzigo ukabaki kwa watu wenyewe. Mtu wa pancha akapata kazi kando ya kila barabara. Firestone ikaanzisha kiwanda Nairobi mwaka wa 1969, baadaye kikawa cha Sameer na tairi za Yana, hadi kilipofungwa mwaka wa 2016. Na tairi iliyokufa kabisa ikakatwa ikawa akala, ikaendelea kutembea Umaasaini kwa miguu ya watu.

Kuna historia nyingine ya kukumbuka kabla ya kutoa pesa. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka wa 2005, na Blue Shield mwaka wa 2011. Zote mbili zilikuwa na matatu nyingi. Walioumia wakabaki wakisubiri fidia, na wenye magari wakaandamwa na madeni ya ajali waliyodhani wameshayalipia bima. Ahadi ya bima ina nguvu ya kampuni iliyoiandika, basi.

Sasa piga hesabu. Tuseme tairi moja ni shilingi 7,000, na bima ya tairi ni 10,000 kwa mwaka. Ukiharibu moja, umepata hasara ya 3,000. Ukiharibu mbili, umefaidika 4,000, kama kampuni itakubali kwamba hazikuwa zimeisha, na kama hakuna kiasi cha kwanza unachojilipia mwenyewe. Kwa gari la rimu za bei kali na tairi nyembamba, hesabu inaweza kugeuka. Kwa Probox, weka shilingi 30 kila siku kando: mwaka ukiisha una 10,950, na zisipotumika ni zako. Nunua bima kwa hasara ambayo huwezi kuibeba: mtu uliyemgonga, au gari lote kuungua.

Lakini usikubali kwamba pancha ni bahati mbaya yako peke yako. Barabara ina mwenyewe, serikali ya taifa au ya kaunti, na dereva huilipia kila anapojaza mafuta, maana kuna tozo ya matengenezo ya barabara ndani ya bei. Akinunua na bima ya tairi, shimo moja atakuwa amelilipia mara mbili.