Askari Aliyekwenda Berlin Kudai Mshahara

Hapa Buzebazeba ukitaja Wajerumani na vita, mazungumzo huishia kwenye Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Wiki hii nataka kumzungumzia mtu wa vita hiyohiyo, aliyevuka bahari kuwafuata Wajerumani kwao, akidai mshahara.

Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa bado mtoto aliingia jeshi la Wajerumani, ambamo baba yake naye alikuwa askari. Vita ikaisha, mshahara haukulipwa. Mwaka 1929, baada ya kufanya kazi ya utumishi melini, Husen alifika Berlin kudai malimbikizo, yake na ya baba yake. Serikali ikamkatalia.

Akabaki hukohuko akitafuta riziki. Alikuwa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, tena akaigiza katika sinema zaidi ya 20.

Chini ya Hitler, sinema nyingi za aina hiyo zilisifia ukoloni. "Carl Peters" ya mwaka 1941 inamfanya shujaa yule Peters aliyewalaghai watemi wetu kwa mikataba mwaka 1884. Husen ni mkalimani wake mwaminifu. Yaani mtu aliyenyimwa haki yake analipwa ili aonekane akiitumikia kwa moyo dola iliyomnyima! Mwaka huohuo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mzungu. Alifungwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafa Novemba 24, 1944.

Mwaka 2013 mwongozaji wa Kijerumani, Eva Knopf, alitoa filamu "Majubs Reise". Alivikusanya vipande vya sinema zile ambamo Husen hupita nyuma ya wakubwa, akamleta mbele na kusimulia maisha yake.

Kigoma ni mji wa reli na meli. Tumewaona wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, wakidai mafao yao miaka nenda, miaka rudi, na wengine wakafa wakidai. Kwa hiyo Husen si mgeni kwetu. Msikilizaji, ukitazama sinema ya vita, mtazame pia yule aliyebeba sinia, ujiulize kama alilipwa.