Gazi: Mji Tunaoupita kwa Matatu

Ukipanda matatu Likoni kwenda Msambweni au Lunga Lunga, ukishaiacha Ukunda utaupita mji mdogo ulioko upande wa baharini, kiasi cha kilomita 50 kutoka Mombasa. Ndio Gazi. Vitabu vya zamani huuandika Gasi. Wengi wetu twaujua kwa samaki, minazi na mikoko yake, basi. Lakini hebu tulia hapo ulipo, wakati futari ikiiva, nikueleze.

Mazrui waliitawala Mombasa karibu miaka 100. Mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan akawang'oa. Mtawala wao wa mwisho, Rashid bin Salim, alikamatwa pamoja na wakubwa wenzake, wakapelekwa Bandar Abbas huko Uajemi wasirudi tena. Waliosalimika wakagawanyika: wengine wakaenda Takaungu, kaskazini, na wengine wakaja huku kwetu Gazi.

Mtoto wa huyo Rashid ndiye Sheikh Mbaruk bin Rashid, na Gazi ikawa makao yake. Huyu hakukubali kuwa chini ya Busaidi wa Unguja. Alipigana, akasuluhishwa, akapigana tena. Akizidiwa pwani, alipanda bara hadi ngome yake ya Mwele, msituni. Mwaka 1882 jeshi la Sultani likiongozwa na Mwingereza, Lloyd Mathews, lilimfuata huko huko.

Kampuni ya Waingereza ilipoingia mwaka 1888, ilimpa posho na mambo yakatulia kidogo. Kisha Februari 1895 akafariki kiongozi wa Takaungu. Kampuni ikamtaka mrithi wake yenyewe, na jamaa wengine wakakataa. Mbaruk wa Gazi akaingia upande wa waliokataa, na vita vikawaka pwani nzima. Agosti 1895 Waingereza waliivunja Mwele, na askari wao wakapewa nishani zilizochorwa jina hilo la kijiji chetu! Hata hivyo vita havikwisha mpaka walipoletwa askari kutoka Bara Hindi. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na mamia ya wafuasi wake, akajisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910.

Sasa, ndugu yangu, tusimfanye malaika. Mashamba ya Gazi yalilimwa na watumwa, na vita vile viliwaunguzia watu vijiji na kuwaletea njaa Wadigo na Waduruma ambao ugomvi wa ukoo haukuwa wao. Uislamu umetuamrisha kusema kweli hata ikiwa dhidi ya jamaa zetu. Mtu aweza kuwa shujaa mbele ya mkoloni na bado akawa na la kujibu mbele ya mtumwa wake.

Tatizo ni kwamba mengi tunayosoma juu ya Gazi yaliandikwa na maofisa waliokuja kumpiga Mbaruk. Ni wachache upande wetu walioshika kalamu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika tarehe ya Mazrui kwa Kiarabu, ikachapishwa na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Lakini hiyo ni tarehe ya watawala. Ya mama aliyekimbia na watoto msituni, ya mzee aliyebeba mawe ya kujengea nyumba za wakubwa, iko wapi? Iko vinywani mwa wajukuu wao, na hao nao ni wazee sasa.

Na wewe una simu inayorekodi. Mwezi huu wa Ramadhani, baada ya tarawehe, wazee hukaa barazani wakinywa kahawa. Nenda na tende kidogo. Muulize babu jina la babu yake, walitoka wapi, shamba lilikuwa la nani, na Mwele ilipovunjwa walikimbilia wapi. Usimkatize. Andika na jina la mtaa na la mtende au mbuyu atakaoutaja, manake miti nayo hukatwa.