Ukuta Mmoja Murang'a

Mwaka wa 2020, corona ikiwa imefunga makanisa, vijana wa Mathare walichora barakoa na mikono ikinawa kwenye kuta za mtaa. Huku Mlima Kenya, mchoro niliokuwa nikiuwaza ulikuwa umefungiwa ndani ya kanisa la St James, Murang'a.

Kanisa hilo ni ukumbusho wa Wakristo Wakikuyu waliouawa enzi za Mau Mau. Elimo Njau, Mchaga aliyesomea Makerere, alimaliza kuzichora kuta zake 1959, Hali ya Hatari haijaisha bado. Yesu wake ni Mwafrika, amezaliwa kwenye vilima vyetu.

Mathare walituambia tunawe, na ilibidi. Lakini wale tuliowazika haraka, jamaa wachache tu kaburini, hawajachorwa. Nataka ukuta wao, hapa Nyeri mjini.